Shahidi Asiyesikia

Gari lilimkana Subilaga Mwaikenda mbele ya watu sita, saa tatu asubuhi, kwenye mapokezi ya Kishindo Motors pale Uyole.

"Breki haikukanyagwa," lilisema. Sauti ilitoka kwenye kisanduku cheusi kilichokaa juu ya kaunta, kidogo kama kipande cha sabuni. "Tangu gari lilipoanza kushuka mteremko wa Ntokela mpaka lilipogonga, pedeli ya breki haikuguswa. Mwendo ulikuwa kilomita tisini na moja kwa saa."

Nyuma ya kaunta alisimama mshauri wa huduma, kijana aliyeitwa Haule, shati jeupe, kucha safi. Alikizima kisanduku kwa kidole kimoja.

"Umesikia mwenyewe, mama."

"Nimesikia. Linasema uongo."

"Shahidi hasemi uongo. Watu ndio wanaosema uongo. Ndiyo maana akaletwa Shahidi."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kwa pua. Subilaga hakugeuka. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na ishirini na tisa kati ya hiyo aliitumia wodini akiwa nesi. Alishazoea kuchekwa na watu waliosimama nyuma yake.

Kilichomuuma ni kwamba yeye mwenyewe aliipokea Sheria ya Shahidi kwa mikono miwili. Kabla ya sheria ile alipokea majeruhi wengi, na madereva wengi waliosimama mlangoni wakiapa kwamba walikuwa wanatembea polepole kama konokono. Sheria ilipokuja, yote hayo yakaisha. Kila gari likafungwa kisanduku chini ya dashibodi, na ajali ikitokea trafiki hamuulizi dereva neno. Anachomoa Shahidi, anamsikiliza, anaandika. Neno la Shahidi likigongana na neno la mtu, la mtu linatupwa. Subilaga alisema wakati ule kwamba hatimaye wafu wamepata wa kuwasemea.

Sasa Shahidi alikuwa anamsemea yeye.

"Mimi nilikuwa nimekaa mbele," alisema mwanamke aliyesimama kando yake. Huyu alikuwa Bupe Mwasandube, mwalimu wa hesabu kutoka Tukuyu, na mdomo wake wa juu ulikuwa na nyuzi nne za kushonea. "Nimemwona kwa macho. Alikanyaga mpaka goti likawa linatetemeka."

"Abiria hahesabiki, dada," alisema Haule. "Haimo kwenye sheria."

"Nimeshonwa mdomo, na sihesabiki."

"Pole. Lakini hapana."

Haule aligeuza kioo cha kompyuta ili wakione, ingawa alijua kwamba kwa pale waliposimama maandishi hayasomeki.

"Waranti inalinda kosa la gari. Hili ni kosa la mguu. Mafundi wamelikagua tangu jana jioni, hawajakuta tatizo lolote. Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, ufungue mgogoro. Gari litakaa uani kwetu mpaka baraza lisikilize, na foleni ya baraza sasa hivi ni miezi kumi na sita. Katika muda huo leseni yako inasimamishwa. Hutaendesha hili gari lako la Swala, hutaendesha trekta, hutaendesha chochote."

"Na ya pili?"

"Hisani." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa pipi. "Kampuni inakutengenezea bure, ingawa hailazimiki. Unaapa tamko la dereva mbele ya Shahidi kwamba ulichelewa kukanyaga breki. Faili linafungwa. Unapunguziwa alama mbili kwenye leseni, na saa kumi leo jioni unaondoka na gari lako."

"Niape kwamba nilifanya nisichofanya."

"Uape alichosema Shahidi. Mama, wewe ni mtu mzima. Mguu unaweza kufa ganzi bila mtu kujua. Hakuna aibu."

*

Walikaa kwenye benchi la nje, kwenye jua. Subilaga alikuwa akiendesha lile Swala mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akiwapeleka wagonjwa watatu wa figo kutoka Tukuyu hadi hospitali ya rufaa Mbeya kusafishwa damu, kisha akiwarudisha wakiwa hoi. Jumatatu, wakirudi, walipopita kilele na kuanza kuteremka, pedeli ilizama kama mguu unaoingia kwenye matope, na gari halikusikia. Aliligeuzia kwenye shamba la viazi, likaruka matuta na kujipigiza kwenye ngema. Wazee wawili walikaa nyuma na hawakuumia. Bupe, mgonjwa wa tatu, aliyekaa mbele, alipasuka mdomo.

"Apa," alisema Bupe.

"Mwalimu, wewe uliniona."

"Nilikuona. Na kesho ni Jumatano."

"Kuna magari mangapi ya namna hii barabarani? Moja linabeba watoto wa shule pale Kiwira. Nikiapa kwamba kosa ni langu, hakuna atakayelifungua tena kuangalia kilichoharibika. Litaendelea kuteremka kila siku na wale watoto."

"Wale watoto wana wazazi. Mimi nina Jumatano."

Subilaga alitazama magari yaliyopita barabarani.

"Wewe ni nesi," Bupe aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nieleze. Nikikosa kesho, na Ijumaa, na wiki ijayo, inakuwaje? Mabasi hayanipokei tena tangu nilipozimia ndani. Gari la kukodi, Tukuyu nzima hakuna anayekubali kunibeba. Basi nieleze inavyokuwa, kwa utaratibu, kama unavyowaeleza ndugu wa mgonjwa."

Subilaga alijua kwa utaratibu. Kwanza miguu inavimba. Kisha maji yanapanda kwenye mapafu, mtu halali ila ameketi. Kisha chumvi za damu zinaushika moyo, na moyo unasimama mchana kweupe, mtu akiwa katikati ya sentensi. Hakueleza. Aliinuka, akarudi kaunta, akamwambia Haule kwamba ataapa.

Haule hakuonyesha kushangaa. Alichapa karatasi yenye mistari mitano, akampa.

"Soma hivi hivi. Usiongeze kitu. Na jambo moja la muhimu: usitaje gari lingine lolote. Ukitaja namba ya gari lingine kwenye tamko, mfumo unadhani ni ajali ya magari mawili. Unalifungua faili la gari hilo hapo hapo na kulipeleka Mamlaka, serikalini. Kuna mzee alimtaja shemeji yake, ikatuchukua miezi mitatu kusafisha."

"Nimeelewa. Mkoba wa dawa wa huyu mwalimu umebaki ndani ya gari."

"Utaupata jioni."

"Anameza saa sita."

Haule alipumua kwa kuchoka, akamrushia kizibao cha manjano cha wageni. "Mlango wa kijani. Dakika tano. Usishike kitu."

*

Karakana ilikuwa safi kuliko wodi nyingi alizofanyia kazi. Swala lake lilikuwa limeinuliwa juu ya jeki, pua imebonyea, udongo wa shamba la viazi bado umeganda kwenye matairi. Chini yake alikuwa fundi mwanamke wa makamo, jina Eliwaza limeshonwa kwenye mfuko wa ovaroli.

"Nimefuata mkoba," alisema Subilaga.

"Mlango wa nyuma uko wazi."

Aliuchukua mkoba, na alipogeuka aliona kitu kwenye meza ya kazi. Kilikuwa kipande cha kijivu, ukubwa wa ngumi ya mtoto, nyaya zinaning'inia, na juu yake kwa kalamu nyeupe imeandikwa namba ya gari lake. Ubavuni kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Haule ameniambia hamkukuta tatizo."

Eliwaza aliendelea kukaza nati.

Kando ya meza lilikuwepo pipa la bluu lililokatwa mdomo. Subilaga alichungulia. Lilikuwa limejaa vipande vya kijivu kama kile, kila kimoja na namba yake kwa kalamu nyeupe. Aliinama zaidi. Kila alichokiona kilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa pale pale, ubavuni, karibu na mzizi wa nyaya.

"Hivi ni vitu gani, dada?"

"Ulikuja kuchukua mkoba. Umeshauchukua."

"Nimeendesha gari hili miaka mitatu na sijui ninakanyaga nini. Niambie tu mguu wangu ulikanyaga nini."

Eliwaza alitoka chini ya gari. Uso wake haukuwa wa urafiki. Alimtazama Subilaga kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja wakati wa kula na chakula hakitoshi.

"Breki za Swala hazina mafuta wala mabomba," alisema, akifuta mikono. "Pedeli inatuma habari tu. Inazituma kwa hicho, kinaitwa kipokezi. Kipokezi kinazigawa mara mbili. Habari moja inakwenda kwenye magurudumu, ya pili inakwenda kwa Shahidi. Kinatengenezwa kwa plastiki isiyopenda kupoa na kupata joto ghafla. Huko juu kwenu asubuhi ni baridi, halafu unateremka, breki zinachemka. Siku moja kinapasuka. Kikipasuka, magurudumu hayapati habari na Shahidi naye hapati."

"Kwa hiyo Shahidi hakusema uongo."

"Hakusema uongo. Hakusikia."

"Na hawa wote?" Subilaga alionyesha pipa.

"Hao wote waliapa. Mimi nina watoto wanne na mkataba wa miezi sita sita, mama, na sijakwambia kitu. Vimerundikana hapa miaka mitatu, vya zamani na vipya vimechanganyika; Alhamisi linakuja gari la kiwandani kuvichukua, na pipa litarudi tupu."

Kisha Eliwaza alimgeuzia mgongo, akaanza kutafuta kwenye droo spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Wodini, karatasi zikiisha, manesi huandika kwenye ngozi: joto la mgonjwa, mapigo, saa ya sindano. Subilaga alitoa kalamu kwenye nywele, akapandisha mkono wa sweta, akaandika. T 517 KMB. T 208 KRA. Aliandika namba za vilivyokuwa juu, zinazosomeka bila kugusa. Alipofika kumi na nne, ngozi ya mkono ilikuwa imejaa hadi kwenye kiwiko, na Eliwaza alikohoa.

*

Chumba cha tamko kilikuwa na meza, viti vitatu na ukuta wa kioo. Meneja wa huduma, Bi Mzava, aliingia mwenyewe kushuhudia. Alikuwa mwanamke mrefu aliyesalimia kwa kichwa tu. Haule aliweka Shahidi katikati ya meza na kumwasha.

Kwa upande wa pili wa kioo Subilaga alimwona Bupe kwenye benchi. Alikuwa ameupakata mkoba wa dawa kwa mikono miwili, anangoja.

"Taja jina lako na namba ya gari," alisema Shahidi. "Ukishaanza, tamko halifutwi. Likikatizwa, litatumwa kama lilivyo. Ukimaliza, sema nimemaliza."

Alitaja jina. Alitaja namba. Karatasi ya mistari mitano ilikuwa mbele yake, na aliusoma mstari wa kwanza kama ulivyo: tarehe, saa, barabara. Mstari wa pili ulisema, *Nakiri kwamba nilichelewa kukanyaga breki.* Aliutazama. Alitazama kioo. Bupe alikuwa anamtazama pia.

Subilaga alifikiri juu ya wale walioketi kwenye kiti hiki kabla yake. Kila mmoja alijua mguu wake ulikuwa wapi. Kila mmoja aliambiwa kwamba hajui. Na aliona kwamba akisoma mstari ule, kabla mwezi haujaisha na yeye ataanza kuuamini.

"Nilikanyaga breki," alisema. "Nilikanyaga mapema, na kwa nguvu zangu zote. Gari halikusikia kwa sababu kipokezi chake kimepasuka. Kipo mezani karakanani, nimekiona."

Haule alinyoosha mkono. Bi Mzava alimshika kiganja. "Usiguse," alisema kwa upole wa kutisha. "Ukikata linakwenda hivyo hivyo. Mama, sema nimemaliza. Sasa hivi."

Subilaga alipandisha mkono wa sweta.

"Na vimepasuka vipokezi vya magari yafuatayo," alisema. "T 517 KMB. T 208 KRA. T 940 KPE."

Alisoma kama anavyomsomea daktari ripoti, namba baada ya namba, bila haraka. Kila alipomaliza moja, Shahidi alijibu kwa sauti ile ile kavu: "Limeingia. Faili limefunguliwa." Haule alikuwa ameshika kichwa. Bi Mzava alisimama wima, akihesabu kwa midomo.

"Vimo kwenye pipa la bluu," Subilaga alimalizia, "na Alhamisi vinaondolewa. Nimemaliza."

Bi Mzava alivuta kiti, akakaa, akamsogelea mpaka Subilaga akasikia harufu ya manukato yake.

"Unajua kuna watu mia mbili wanaokula kwa kampuni hii hapa Mbeya? Umeingia karakana yangu kwa kisingizio cha dawa, ukaiba. Sawa. Umefungua mgogoro. Gari lako linakaa uani, na leseni yako imekufa dakika hii. Na hao wagonjwa wako unaowatumia kama ngao, leo ndiyo umewaweka rehani wewe, siyo mimi. Ukitoka mlangoni uwaambie hivyo."

"Nitawaambia."

"Haule, mtoe nje."

Nje, Bupe alisoma usoni mwake kabla hajafungua kinywa. Subilaga alimweleza yote hata hivyo: kipande cha kijivu, ufa, pipa, namba kumi na nne. Bupe alisikiliza bila kumkatiza, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia ambayo haikutakiwa.

"Umeokoa watu wengi, mama," alisema mwisho. "Katika hesabu yako, mimi ni wa ngapi?"

Hakungoja jibu. Aliondoka akitembea mbele.

*

Jumatano walikwenda na lori la viazi. Subilaga alibisha hodi milango tisa tangu jioni ile, mpaka akampata dereva aliyekubali kuwabana mbele Bupe na wale wazee wawili. Yeye alikaa nyuma, juu ya magunia, kanga kichwani, upepo wa Ntokela ukimchoma masikio. Lori lilisimama mara nne kushusha na kupakia. Walifika hospitali saa tano badala ya saa mbili, na zamu zao zilikuwa zimeshapewa wengine. Kila mmoja alipata mashine kwa saa mbili tu, badala ya nne.

Saa mbili hazitoshi. Subilaga alisimama miguuni pa kitanda cha Bupe akiangalia damu ikizunguka kwenye mpira, akijua ni kiasi gani cha maji kitabaki mwilini, na kwamba Ijumaa hajui watafikaje. Bupe hakuwa amemsemesha tangu jana. Aliugeuza uso ukutani.

Simu ililia. Namba hakuijua.

"Ni Mama Mwaikenda?" Sauti ya mwanamume, nzito, yenye kusitasita. "Naitwa Otmary Mgaya, napiga kutoka Makambako. Samahani kwa usumbufu. Mamlaka wamenipigia asubuhi wakasema faili langu limefunguliwa, na kuna mtu alitaja gari langu kwenye tamko. Nikaomba sana, wakanipa jina lako."

"Ndiyo, kaka. Nilitaja."

"Ulisema kipande changu kimepasuka."

"Kimepasuka."

"Ulikiona kwa macho yako, au uliambiwa?"

"Kwa macho yangu. Kina ufa ubavuni, pale nyaya zinapoingia. Namba yako imeandikwa juu yake kwa kalamu nyeupe."

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Mke wangu alifia kwenye lile gari," alisema Mgaya. "Miaka miwili sasa. Mimi nilikuwa naendesha. Shahidi akasema sikukanyaga. Nikabisha siku mbili. Siku ya tatu nikaapa, na tangu hapo nikiukumbuka mguu wangu nauona umesimama tu, haukanyagi. Nauona kabisa. Niliwakalisha watoto nikawaambia baba ndiye aliyemuua mama, kwa sababu niliona siyo haki waje kuyasikia kwa watu."

Subilaga alishika chuma cha kitanda.

"Ulikanyaga, kaka," alisema. "Kila mwenye namba kwenye lile pipa alikanyaga."

"Rudia."

"Ulikanyaga."

Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi vipande vipande. Bupe aligeuza shingo kutoka ukutani. Alimtazama Subilaga kwa macho yaliyochoka, bila msamaha ndani yake.

"Sogea huku dirishani," alisema. "Hapo mtandao unakatika."

Subilaga alizunguka kitanda, akasimama upande wa dirisha. Sauti ya Mgaya ikawa safi.

"Mama, nimejaribu kuwaambia hawa watoto tangu asubuhi, na kinywa changu hakifunguki. Nilishawaambia moja, sasa niwaambie lingine, wataniamini vipi? Wapo hapa. Naomba uwaambie wewe."

Simu ilipita mikononi huko Makambako. Alisikia kiti kikiburutwa, mtu akinong'ona, kisha sauti mbili ndogo kwa pamoja.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema Subilaga. Aliivuta stuli ya manesi kwa mguu, akaketi kando ya kitanda cha Bupe, kwa kuwa maneno yale hayakuwa ya kusemwa mtu akiwa amesimama.